Mwalimu Aliyemwitikia Mtangazaji

Tulimwita Mwalimu, basi. Hakuwa wa shule ya serikali, ya chaki na kengele. Alikuwa mwalimu wa chuo, alitusomesha Kurani kule kijijini kwetu Mbuchi, barazani kwake, mkeka anaoushona ukiwa mapajani na fimbo ya mkoko ikiwa ubavuni. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, bila shaka, lakini kwetu mtu hamtaji mkubwa wake kwa jina kavu. Utasema Bibi, utasema Shangazi, utasema Mama Fulani. Yeye alikuwa Mwalimu hata kwa wajukuu wa ndugu zake. Nilimjua tangu sijaota meno ya pili, Mungu amrehemu, na jina lake lilinitoka mdomoni siku moja tu. Siku hiyo nitaifikia.

Mimi siku hizi nina kibanda umiza hapa Kibiti, nyuma ya stendi: mabati juu, mabenchi chini, televisheni kubwa mbele, na joto la bure kwa kila anayeingia. Kazi yangu ni kuonyesha mpira. Sikuwaza hata kidogo kwamba mteja wangu mwaminifu kuliko wote angekuwa mwanamke mwenye mvi kichwa kizima, ambaye utotoni mwangu alinichapa kwa sababu ya mpira huohuo.

Maana alikuwa adui wa mpira. Kule Mbuchi tulicheza kwa mpira wa matambara uliofungwa kamba, na ukiingia barazani kwake ulikuwa hautoki. Aliutia kwenye pakacha, akaendelea kushona. "Mpira una miguu, unajua kwenda," alikuwa akisema. "Nyie ndio mliokwama kwenye alifu." Siku moja pakacha lilijaa. Akaichukua mipira yetu yote akaiwashia moto, na kwenye moto ule akatupikia uji wa mchele, akatugawia kwa haki. Tulikunywa huku tunalia. Ndivyo alivyokuwa: hukujua kama anakuadhibu au anakulisha.

Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, mwenzangu wa chuo, na huyo ndiye aliyekuwa fundi wa kuuingiza mpira barazani. Alipokua akaenda Dar, kutoka Dar akazamia meli kama walivyofanya vijana wengi wa wakati ule, na miaka ikapita hatujui yu hai au kaliwa na samaki. Mwisho akapiga simu. Yuko Ayalandi, kaoa huko, mke ni nesi, na wamepata binti. Binti huyo amempa jina la mama yake.

Hapo ndipo Mwalimu alipopata somo. Kwetu mtu mliyechangia naye jina ni somo yako, na bibi na mjukuu wakiwa masomo basi hawaambiani bibi wala mjukuu. Alianza kumsema mtoto ambaye hajamwona kana kwamba ni rika lake: somo yangu ameota meno, somo yangu anapenda samaki, nasikia somo yangu ni mkaidi.

Mwanawe hakurudi. Moyo ulimsimama akiwa kazini, wakamzika hukohuko, na Mwalimu akaipokea habari amesimama kwenye ngazi za gati la Mbuchi, kwa sababu hapo tu ndipo simu iliposhika. Hakulia mbele ya watu. Alimaliza kuushona mkeka aliokuwa nao, akaupeleka msikitini ukatandikwe. Upo mpaka leo, nimeswalia.

Akabaki na mkwe Mzungu asiyejua Kiswahili, na yeye hajui Kiingereza. Wangefanyaje? Mkwe alikuwa mwanamke wa maana. Akawa anatuma linki. Binti alikuwa ameingia timu ya wasichana ya kijiji chao, wanacheza mmojawapo wa ile michezo ya Kigaeli, michezo ya asili ya kwao, na kuna huduma ya mtandaoni inayoirusha ili Waayalandi waliotapakaa duniani wasikose mechi za nyumbani. Mtu akiwa Australia, akiwa Amerika, anafungua simu anaona timu ya kijijini kwake. Nadhani waliobuni huduma hiyo hawakuifikiria Mbuchi. Mkwe akamfungulia Mwalimu akaunti yake mwenyewe, akailipia, akamtumia na neno la siri.

Mbuchi picha ilikuja kwa vipande. Mwalimu alisimama gatini na simu, maji yakijaa miguuni, akamwona somo yake leo mguu, wiki ijayo kofia, wiki nyingine kiduara kinazunguka tu. Akachoka. Akafunga mizigo akahamia Kibiti, kwenye chumba cha kupanga. Watu wakasema ameifuata hospitali, wengine wakasema ameyakimbia mafuriko.

"Mie nimefuata mtandao," aliwaambia.

Siku ya kwanza alipokuja kibandani kwangu alipiga hodi mlangoni, kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kukifanya pale. Vijana wakainuka wote. Shikamoo zikamiminika.

"Marahaba. Nimefuata somo," akasema.

Mmoja akazima sigara upesi. Mimi nilidhani amekuja kutupa mawaidha, na kusema kweli tulikuwa tunayahitaji. Ndipo akaitoa simu kwenye mkunjo wa kanga, akanionyesha linki. Ilikuwa Jumapili alasiri. Ameshaswali, alisema, hivyo nisije nikamwambia angoje.

Nikaunganisha na televisheni. Huduma ikauliza neno la siri. "Soma hapo mwenyewe," akanipa simu, akatazama pembeni. Nikasoma. Neno la siri lilikuwa jina lake. Mkwe aliona ndilo jepesi kukumbukwa, hakujua ananitia mtihani gani. Nikaliandika kwa vidole, herufi moja moja, mdomo nimeufunga kama aliyefunga saumu. Kuanzia hapo nililiandika kila Jumapili. Vidole vililizoea. Mdomo ulibaki na adabu zake.

Picha ikatokea: uwanja wa majani mabichi, mvua, na wasichana wamevaa kofia ngumu zenye nyaya usoni kama dema la kutegea samaki. Kila mmoja ameshika mti uliopanuka mwishoni.

Mwalimu akasogea. "Hayo si makafi hayo?"

"Sijui, Mwalimu. Yanafanana."

"Makafi. Mie nimezaliwa kwenye mtumbwi utanifundisha kafi? Mitumbwi yao iko wapi?"

"Hawana mitumbwi. Wanapiga kijipira."

"Kwa kafi?" Akanitazama kana kwamba nimeyatengeneza mimi. "Haya. Kila nchi na vituko vyake."

Mkwe aliniandikia baadaye kwamba mchezo wenyewe unaitwa kamogi, na wa wanaume ni hurling, lakini kibanda kizima kilishauita mchezo wa makafi na haukubadilika tena. Hesabu zake zilimsumbua Mwalimu kidogo. Kijipira kikipita juu ya mwamba wa goli ni alama moja, kikiingia chini, wavuni, ni tatu. Mwalimu aliliwaza hilo wiki nzima. Jumapili iliyofuata akaingia ametulia. "Nimeelewa," akasema. "Kwao wa chini ana tatu, wa juu ana moja. Nchi nzuri hiyo." Vijana wangu wakaushika msemo huo, na mpaka leo mtu akikosa kazi mjini huambiwa asihuzunike, aende Ayalandi.

Sketi za wale wasichana zilikuwa fupi. Mwalimu huyuhuyu alikuwa akiwarudisha nyumbani mabinti wa Mbuchi kwa ushungi uliolegea. Nikamchokoza: "Mwalimu, na hizo sketi?"

"Wewe angalia kafi," akanijibu.

Sasa niseme kuhusu mtangazaji. Alikuwa na sauti nzito ya kukwaruza, anachanganya Kiingereza na lugha yao ya asili. Somo alipoupata mpira, yule bwana akalitamka jina. Nilimwona Mwalimu ameshtuka, sindano ikasimama juu ya mkeka aliokuja nao. Likatamkwa tena. Mara ya tatu lilipotamkwa akainua kichwa, akaitika kwa sauti ya wazi kabisa:

"Abee!"

Kibanda kizima kikamgeukia. Kisha tukacheka mpaka mabati yakatikisika. Naye hakuona haya. Alituambia kuwa mwanamke aliyelelewa akiitwa huitika abee, awe ameitwa na nani. Na kuhusu zile mara mbili za kwanza alizonyamaza, alisema sauti ya usiyemwona huitikii papo kwa papo: ya kwanza upepo, ya pili shetani, ya tatu ndiyo mtu. Ikawa ndiyo desturi ya Jumapili. Vijana walihesabu kimoyomoyo, mara ya tatu wakageuka wote kumsubiri.

Kilichomshangaza zaidi ni kha. Jina lake lina herufi ile ya kooni, ambayo sisi watu wa leo tunaitamka ha na kupita zetu. Alitupiga miaka kwa ajili yake. Semeni khabari, semeni kheri, semeni khamsa, nasi tulisema habari na heri na hamsa mpaka fimbo ikachoka. Na huyu Mzungu wa mvuani aliitoa kooni safi, imesimama mahali pake.

"Huyu bwana kasoma chuo," akatamka.

"Mwalimu, huyo Mzungu."

"Uzungu si kitu. Kha ile haiokotwi njiani. Kuna mtu kamkalisha chini." Akaanza kumtia kwenye dua zake.

Nikamwandikia mkwe, kwa kutumia ile tafsiri ya simu. Alicheka sana, nadhani, maana alijaza vikatuni vya kucheka. Akaeleza kwamba lugha yao ya zamani inayo kha, inayo hata ghaini, ndiyo sababu. Mtangazaji hakuwa Mwislamu. Alikuwa mzee wa hapo kijijini anayejitolea tu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi.

Nilimfikishia Mwalimu maneno yote hayo. Aliyasikiliza, akachagua analolitaka. "Nilikwambia. Mwalimu mwenzangu."

Mkwe bila shaka alimfikishia yule mzee habari zetu, kwa sababu mechi iliyofuata, kabla mpira haujaanza, katikati ya maneno yao tukasikia neno moja tunalolijua. Kibiti. Alilivuta kidogo mwishoni, lakini lilikuwa Kibiti. Benchi la mbele lilianguka kwa watu walivyoruka. Mwalimu peke yake alibaki ameketi, anatikisa kichwa polepole, anafuta macho kwa ncha ya kanga.

Siku ile watu walipotoka alinieleza jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwake. Nilikuwa nakunja nyaya. Akasema: "Wajua tangu lini sijaitwa jina langu? Mama alikuwa akiniita. Na wenzangu niliochezwa nao unyago, na marehemu mume wangu tukiwa wawili ndani. Wote wameondoka. Mie nimebaki Mwalimu, Mwalimu, kama mlango wa ofisi. Nilidhani jina limetangulia kaburini linaningoja. Kumbe liko Ayalandi linakimbizana na kijipira."

Nilikuwa nimemwita Mwalimu maisha yangu yote nikidhani nampa heshima, na kweli ilikuwa heshima. Haikunijia hata siku moja kwamba heshima nayo humwacha mtu peke yake. Niliumia, lakini ningefanya nini? Siwezi kumwita mzee wangu jina kavu kama namwita muuza maji.

Msidhani alikuwa mpole muda wote. Aligombana na kila mtu kuhusu kelele, moshi na soksi zinazonuka. Na kulikuwa na kisa cha mkeka. Vijana wangu hubeti, na karatasi ya kubeti kwa lugha yao ni mkeka. Ukipoteza, mkeka umechanika. Siku moja kijana mmoja alishika kichwa, analia: "Mkeka wangu umechanika jamani, mkeka wote!" Mwalimu akamhurumia. Akatoa sindano na ukili.

"Lete mwanangu, usilie. Umechanika wapi? Nikuungie hapahapa, sitaki kitu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Yule kijana alimtazama, akaitazama sindano, akasema ameuacha nyumbani. "Kesho basi," akasema Mwalimu, na kesho yake akauliza, na keshokutwa akauliza. Ikabidi kijana anunue mkeka mkuukuu sokoni, auchane kwa mikono yake, amletee. Alimshonea vizuri sana. Sijasikia tena kijana huyo anabeti, ingawa labda anabetia kwingine.

Na ile Jumapili ya watani wa jadi ndiyo iliyotaka kunifungia biashara. Watu walijaa hadi madirishani, televisheni haikuwa ya kuguswa, nikamweka Mwalimu kwenye kona na simu yake na visikilizio. Dakika za mwisho, penalti. Mpigaji ameuweka mpira, kibanda kizima kimeshika pumzi, kimya unasikia nzi. Ghafla kutoka konani: "Abee!" Mpigaji akapaisha. Nusu ya kibanda walitaka kumtoa nje, nusu nyingine walitaka kumbeba juu. Yeye aliondoa visikilizio akauliza kuna nini.

Macho yalianza kumwacha taratibu. Kwanza alisogeza kiti, halafu akasogeza tena, mwisho akawa anaielekezea televisheni sikio. Hospitalini wakasema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi. Nikawa mimi ndiye macho yake. Aliweka sharti moja, lilelile la chuoni: "Usiongeze, usipunguze. Unachokiona ndicho unachokisema." Nikajifunza kumsimulia. Somo kaukosa. Somo kaanguka, kainuka, goti lina tope. Somo anatembea kama marehemu baba yake, bega la kushoto mbele. Hapo husema, endelea.

Halafu hata kibandani akashindwa kuja. Mpwa wake anaishi Dimani, hukuhuku wilayani kwetu, akaja kumchukua amtunze.

Nilikwenda kumwona Jumapili, nikafunga kibanda, vijana wakanung'unika wee mpaka wakachoka. Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba chumbani, amepungua, kanga imemzidi. Mikono ilikuwa inatembea juu ya shuka kama inayoshona. Mpwa wake alinionya mlangoni kwamba hali chakula sawasawa, na kwamba tangu asubuhi anauliza kama ni Jumapili.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na bando?"

"Nimekuja nalo."

Mtandao wa Dimani ulikuwa wa kubembeleza, lakini ulishika. Nikaliandika neno la siri, nikaiweka simu kwenye mto karibu na sikio lake. Mvua ya Ayalandi ikaingia chumbani, na ile sauti ya kukwaruza. Mwalimu akafumba macho, akatabasamu.

Mtangazaji akataja majina. Akataja la huyu, akataja la yule. Mpira ulikwenda na kurudi. Mwalimu akawa anangoja. Nilikuwa nimeshaona lakini nilinyamaza, nikiomba Mungu mambo yabadilike. Hayakubadilika.

"Bado hajaniita," akasema.

Ningeweza kumpa uongo mzuri. Lakini usiongeze, usipunguze.

"Hachezi leo, Mwalimu. Goti. Limefungwa bendeji. Amekaa pembeni na koti."

"Goti limevunjika?"

"Hapana, anasimama vizuri. Kapumzishwa tu."

"Amenuna?"

"Amenuna sana."

"Kanirithi." Akacheka kwa pua. Kisha akageuza uso ukutani. "Basi leo siitwi."

Alisema kwa upole, bila kulaumu mtu. Mimi ndiye niliyeshindwa. Nilimtazama yule mama aliyenipa herufi zote nilizo nazo, nikajua kabisa kwamba Jumapili nyingine huenda asiwepo, na kwamba kitu anachokitaka duniani kimebaki kimoja, nacho ninacho mdomoni. Nilikuwa nacho kwenye vidole miaka yote hiyo. Nikaizima sauti ya simu. Mpwa wake alikuwa uani anatwanga.

Nikalitaja jina lake. Kavu, bila Bibi, bila Mwalimu.

Hakugeuka. Mchi uani ukaendelea. Nikadhani nimemkosea, nikataka kumshika mguu niombe radhi. Badala yake nikalitaja tena.

"Kha inatoka kooni," akasema akiwa bado ameelekea ukutani. "Wewe unaitoa mdomoni. Rudia."

Nikakumbuka baraza la Mbuchi, na moto wa matambara, na uji. Nikaitafuta ile herufi chini kabisa ya koo, nikaipata, nikalitaja jina lake mara ya tatu, lote, kama linavyotakiwa.

Akanigeukia, uso umemchangamka kama msichana aliyeitwa na mama yake kutoka uani.

"Abee," akaitika.